Isale la Mtu Mmoja

"Sikuulizi kama linapendeza, Mama Irine. Nakuuliza limeota lini."

Clemence alikuwa na gunia la tangawizi begani, na kwa hasira aliyokuwa nayo alisahau kulitua. Robo saa nzima alisimama nalo hivyo hivyo, shingo imepinda upande, maji ya tangawizi iliyotoka kuoshwa yakimchuruzika mgongoni, akibishana na mke wa mwenyekiti wa kitongoji.

Blandina, ambaye kitongoji kizima kilimwita Mama Irine, alisimama ng'ambo ya pili na mwiko mkononi. Kati yao palikuwa na mstari wa masale kumi na moja, ile mimea ya kuwekea mipaka, machanga, majani yamesimama kama masikio ya sungura. Yalikuwa yamepandwa kukata njia ya miguu inayopita uwanjani pake, katikati ya jiko na zizi, kupanda bombani na barabarani.

"Masale hayaoti," Blandina alisema. "Yanapandwa."

"Ndiyo hapo sasa. Yalipandwa mbele ya nani?"

"Uwanja wangu, nimwite nani?"

"Uwanja wako, sawa. Njia je? Babu yangu amepita hapa. Baba yangu amepita hapa. Jeneza lake lenyewe tulilipitisha hapa hapa, na mumeo alishika mbele, mkono wa kulia."

"Basi likija jeneza lingine tutayang'oa lipite. Walio hai wazunguke korongoni."

Wapita njia waliokuwa wamekusanyika kusikiliza walicheka, halafu kila mmoja akatazama ndoo yake. Clemence alilitua gunia, akalibeba tena, akasema haya, mwenyekiti ana mke mwenye mdomo, mdomo wake yeye ameuweka wapi. Kisha akageuka kushuka korongoni, na gunia lake, na shingo yake iliyopinda.

Mdomo wa mwenyekiti ulikuwa ndani, nyuma ya pazia, umeshikilia kikombe cha chai. Tumainieli alisikia yote. Alijua pia kwamba katika maneno mengi ya Clemence moja lilikuwa la haki, nalo ni lile la "mbele ya nani". Kule Mshituni, kitongojini kwao, juu ya barabara ya Mamba, isale la mpaka hupandwa na pande mbili. Huyu anashika shina, na yule anashika shina, mashahidi wanatia udongo, halafu wote wanaingia nyumba mojawapo kula. Wasipokula, kazi haijaisha. Katika mwaka mmoja na nusu wa uenyekiti wake Tumainieli alikuwa amesimamia upandaji kama huo zaidi ya mara ishirini, na kila safari aliwaambia watu maneno yale yale: isale lililopandwa na mtu mmoja, ofisi yangu hailitambui.

Haya kumi na moja aliyapanda mwenyewe, alfajiri, peke yake.

Ukisikia tu hivyo utamwona mtu mbaya, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. Nyumba yake ilikuwa mahali pa kila shida. Watu walikuja kwa barua ya utambulisho, kwa mbuzi aliyekula mahindi, kwa mkwe asiyesalimia. Waliingia jikoni moja kwa moja kwa kuwa njia inapita jikoni, wakakaa, wakanywa chai ya Blandina, na sukari ya wiki ikawa haifiki Jumatano. Mhuri ulikaa kabatini, ndani ya kopo la kakao, na wengine walishajua kuuchukua na kumletea mezani kabla hajamaliza tonge. Clemence huyu huyu aliwahi kumfuata bafuni, akapenyeza karatasi chini ya bati pamoja na kalamu, akasema, "Weka sahihi tu, mwenyekiti, sitazami." Na Tumainieli, na povu machoni, aliweka sahihi.

Hakuwahi kumwambia mtu hapana. Si kwa ukarimu peke yake. Neno lenyewe lilikuwa halimtoki.

Halafu ikaja semina ya wenyeviti kule Same mjini. Mwezeshaji, binti mwenye miwani, aliwaambia kwamba kiongozi lazima ajiwekee mipaka, asipojiwekea watu watampitia katikati. Wenzake waliandika, wakangojea chakula cha mchana. Tumainieli aliona kama binti yule amewahi kufika uwanjani kwake. Watampitia katikati: si ndivyo wanavyompitia, kati ya jiko na zizi? Alirudi nyumbani na neno lile, na kwa kuwa mpaka anaoujua yeye ni mmoja, alichukua panga, akakata vipande vya masale kwenye shamba la marehemu baba yake, akavipanda.

*

Kulikuwa na utulivu. Tuseme kweli, wiki ile ya kwanza ilikuwa tamu. Blandina alianza tena kuimba nyimbo za kwaya huku akikamua. Chai ilinywewa ikiwa ya moto. Watu walizunguka korongoni, wakinung'unika njia nzima, na waliokuwa na shida ya mhuri walikwenda kwa mtendaji wa kijiji, ambaye alipiga simu kuuliza kama mwenyekiti anaumwa.

Alhamisi Blandina alishuka Same na ndizi zake kwa gari la asubuhi. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha tangu jana yake, zikakatika, na milima yote ilikuwa inatoa moshi wa ukungu. Tumainieli alikaa mezani na kiazi kitamu na redio. Redio ilikuwa inataja bei za mahindi masoko mbalimbali. Ndipo akasikia mtu anaita kutoka ng'ambo ya masale.

"Tumai."

Alikuwa Bibi Dorkas, mjane wa nyumba ya chini, mwanamke wa miaka sabini na kitu. Mtoto wake mmoja, Rodgers, alikuwa Tunduma. Huyu mama ndiye aliyemlisha Tumainieli miezi mitatu mama yake mzazi alipolazwa, yeye akiwa darasa la pili. Na katika kitongoji kizima, tangu achaguliwe, ndiye peke yake ambaye hajawahi kumwomba barua.

"Tumai, mwanangu. Mimi sina shida ya mhuri. Nipite tu na ndoo yangu, korongoni pamelowa."

Alisikia kila neno. Aliinua kichwa kujibu, na hapo hapo akamwona Clemence, si kwa macho, kwa mawazo: Clemence amesimama na gunia lake akisema kumbe wengine wanapita. Akipita huyu, kesho anapita yule, keshokutwa jiko limejaa. Mkono wake ukaenda kwenye redio. Hakupunguza sauti. Aliizima.

Akakaa vile, kiazi mdomoni, asikitafune wala asikimeze, kama mtoto aliyejificha uvunguni.

Kisha Bibi Dorkas akasema, "Haya." Alisema kwa upole, kama mtu aliyejibiwa. Nyayo zake zikageuka, zikashuka.

Kilichomfikia baadaye hakikuwa kelele za mtu. Ilikuwa ndoo. Ndoo tupu ya plastiki, ikigonga jiwe, ikigonga jiwe lingine, ikikaa kimya kidogo kana kwamba imeshikwa, halafu ikaendelea kushuka mpaka chini kabisa.

*

Alimbeba mgongoni kutoka korongoni hadi barabarani, na lile hakuna anayeweza kumnyang'anya. Aliteleza mara mbili akapiga magoti, hakumwachia. Barabarani alisimamisha gari dogo la mizigo la Zaituni, mfanyabiashara wa Same anayepanda kununua tangawizi, akamwomba ashushe magunia, na Zaituni akayashusha bila kuuliza. Hospitalini alikaa benchini mpaka jioni. Kiwiko cha mkono wa kulia kilikuwa kimevunjika vibaya. Daktari alisema mifupa ya umri ule inaunga kwa shida. Mkono utapona, lakini kunyooka sawasawa asiahidiwe.

Alipoulizwa imekuwaje, Bibi Dorkas alijibu, "Niliteleza."

Tumainieli alikuwa amesimama pale pale, ameshika kandambili za bibi zilizojaa tope. Alingojea aendelee. Hakuendelea.

Siku ya pili Rodgers alipiga simu kutoka Tunduma. Sauti ilikuwa ya mtu mzima anayejizuia kulia.

"Mwenyekiti, shikamoo. Mama ameniambia ulivyombeba. Sijui nikushukuruje."

"Hapana, Rodgers. Ni kawaida tu."

"Si kawaida, kaka. Angelala pale mpaka nani amwone? Mungu alikuweka karibu."

Alikuwa karibu, ndiyo. Hatua ishirini na tano. Alikwenda kuzihesabu mwenyewe, kutoka kwenye kiti chake hadi kwenye masale, akajilaumu kwa kuhesabu.

Jumapili mwinjilisti alimtaja kanisani. Alisema viongozi wa namna hii ni wachache, akamtaka asimame. Tumainieli alisimama, suruali imemganda magotini palipochubuka, na usharika mzima ukamtazama kwa macho mema. Nje ya kanisa Clemence alimfuata, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema, "Kwa lile la Bibi Dorkas sina neno juu yako. Ya masale tuyaache, uwanja ni wako." Ugomvi ukaishia hapo. Mwenyekiti alikuwa ameshinda mpaka wake, na hakuna aliyemdai kitu.

Akawa hali chakula. Blandina aliweka ugali, ukaondolewa ulivyo. Redio haikuwashwa. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba ng'ombe akijikuna zizini unasikia, na kile kimya alichokitamani mwaka mzima sasa kilikuwa kinamkalia kifuani. Chini ya kilima, nyumbani kwa Bibi Dorkas aliyekuwa amesharudi kutoka hospitali, palikuwa na sauti za watu kutwa: wanawake wanapokezana kumpikia, wanaume wanapasua kuni, mtu anacheka. Wale wote waliokuwa wakijaa kwake wamehamia kule.

Siku ya tatu alimwambia mkewe. Alimwambia zizini, Blandina akiwa amechuchumaa na ndoo ya maziwa kati ya magoti, kwa sababu pale hakulazimika kumtazama usoni. Alimweleza wito, redio, kiazi, na lile "haya".

Maziwa yaliacha kulia ndani ya ndoo. Kisha yakaanza tena, polepole.

"Nani mwingine anajua?" Blandina aliuliza.

"Hakuna. Yeye tu, kama anajua."

"Yeye mwenyewe kasema aliteleza."

"Kasema."

"Basi nyamaza." Aliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe. "Unataka nini, Baba Irine? Uwaambie, wakung'oe wewe na masale yako? Au warudi tena wote jikoni kwangu? Wewe unaona huruma, mimi ndiye nachemsha maji."

Tumainieli aligeuka kutoka. Alipofika mlangoni mwa zizi alimsikia akisema tena, safari hii kwa sauti ndogo, kama anayeongea na ng'ombe.

"Mimi ndiye niliyesema walio hai wazunguke korongoni."

*

Kesho yake mchana alishuka. Alipita korongoni makusudi, kwenye yale mawe, akaiona ndoo bado imekwama kwenye mzizi, akaichukua.

Uwanja wa Bibi Dorkas ulikuwa umejaa. Wanawake wanne walikuwa wanapukuchua maharage juu ya mkeka. Clemence alikaa juu ya gogo akichonga mpini wa jembe. Zaituni alikuwa amepanda kutoka Same na mikate na tende za mgonjwa, na kwa namna alivyokuwa anazungumza na mikono, ilionekana alikuwa katikati ya habari ya mtu fulani na nyumba ndogo yake. Bibi Dorkas mwenyewe alikaa mlangoni, mkono umefungwa bandeji ngumu, umekunjwa kifuani kama amebeba mtoto asiyeonekana. Alikuwa anajaribu kufunga fundo la kanga kwa mkono wa kushoto na meno, na hakutaka kusaidiwa.

"Karibu, shujaa wetu," Zaituni alisema, akakatisha habari yake. "Mpisheni mwenyekiti kiti."

Kiti kililetwa, kile cha mbao chenye mto, kiti cha marehemu mume wa Bibi Dorkas. Kikafutwa kwa upande wa kanga. Kikawekwa kivulini.

Tumainieli hakukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Tumai. Ndoo yangu umeipata?"

"Nimeipata." Aliiweka chini. Aliona ufa mdogo kwenye ukingo wake, akauziba kwa kidole kama vile kuna aliyeutazama. "Mama, siku ile uliniita."

"Niliita."

"Nilisikia."

Maharage yaliacha kudondoka mkekani.

"Nilisikia mpaka pale uliposema korongoni pamelowa. Nilikuwa ndani. Nilikaa kimya makusudi. Watu wananishukuru, Rodgers ananishukuru, mwinjilisti amenisimamisha kanisani, na mimi nilikuwa ndani nakula kiazi."

Zaituni alitamka "Astaghfirullah" kwa pumzi tu, akatazama kile kiti. Clemence alishainuka kutoka kwenye gogo, mpini mkononi.

"Si nilisema?" alianza. "Siku ya kwanza kabisa nilisema. Nikaambiwa—"

"Clemence, kaa," Bibi Dorkas alisema.

"Lakini mama—"

"Wewe ulimfuata mwenzio bafuni na karatasi. Kuna asiyejua hapa?"

Mmoja wa wanawake alijifunika mdomo na kanga. Clemence alitafuta pa kukaa, na kwa kuwa gogo lilikuwa nyuma na aibu ilikuwa mbele, alijikuta amekaa kwenye kile kiti chenye mto.

Bibi Dorkas alimgeukia Tumainieli. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza zaidi, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa hasira njia nzima.

"Nilijua kwamba umo," alisema. "Redio ilikuwa inataja bei ya mahindi. Ilifika Mwanga, ikafika Same, ikakatika kabla haijasema bei ya Same. Redio haijizimi, Tumai."

"Mbona hukusema?"

"Kusema nini? Niliteleza. Miguu ilikuwa yangu." Alilivuta lile fundo, likafunguka tena. "Nilikuwa nangoja uje ukiwa huna mtu wa kukusukuma. Umechukua wiki nzima. Nilianza kuogopa kwamba huji."

Alitaka kupiga magoti, magoti yake yenyewe yakamkumbusha kwamba bado hayajapona. Akabaki amesimama kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

"Na ninyi," Bibi Dorkas aliendelea, akiwatazama wa mkekani, "msikunje uso sana. Huyu tumemfanya bomba la kitongoji. Kila apitaye anafungulia, hakuna anayefunga. Amechoka. Hata mimi nilimwona amechoka. Lakini mimi ningeambiwa, Tumai. Ungetoa kichwa dirishani ukasema, mama, leo nimechoka, pita uende zako usiniongeleshe. Ningepita kimya kama paka. Mdomo unao. Kwa nini uliyaachia majani yakusemee?"

"Sikujua namna ya kulisema."

"Basi liseme sasa. Watu hawa hapa."

Ilikuwa kazi ngumu kuliko kumbeba. Amekuja kuomba msamaha, na sasa anaambiwa aombe na kitu kingine juu yake. Alijiona kama mtu anayefika msibani akadai nauli. Alianza, akakosea, akaanza upya. Alisema barua na mihuri ni Jumatatu na Alhamisi, saa tatu mpaka saa saba, kwenye ofisi ya kijiji. Alisema jikoni kwake mtu akaribishwe kama mgeni, asiingie kama ofisini. Alisema mgonjwa, msiba, mtoto aliyepotea, hao waje saa yoyote, wasipige hata hodi. Alipomaliza alitaka kusema samahani, akasema.

"Na njia?" Zaituni aliuliza. Yeye hakuwa na shamba wala shauri pale, lakini alitaka kujua.

"Njia ni yao. Ilikuwa yao."

*

Walipanda kilima wote. Jua lilikuwa bado juu, na habari ilikuwa imetangulia, kwani walipofika uwanjani Blandina alikuwa amesimama na jembe na debe la maji, macho mekundu, hajui pa kuyaweka. Masale yaling'olewa yote kumi na moja. Njia ikawa nyeupe tena. Yakapandwa upya kuifuata njia, upande wa jiko, ili mtu apite moja kwa moja bombani bila kuingia mezani kwa watu. Kila shina lilishikwa na mikono miwili ya nyumba mbili.

La kwanza lilishikwa na Tumainieli na Bibi Dorkas. Bibi alishika kwa mkono wa kushoto, na kwa kuwa hakuwa na nguvu nao, shina lilimwegemea Tumainieli muda wote udongo ulipokuwa unatiwa. Aliona kile kiwiko kwa karibu. Alijua kwamba hata bandeji ikitolewa atakuwa anakiona hivyo hivyo kila Bibi Dorkas akipita na ndoo, na kwamba atapita kila siku, mbele ya dirisha lake.

Blandina alikuja kumwagilia. Maji yalikwenda pembeni.

"Mama Rodgers," alisema, machozi yakidondoka shinani.

"Mwaga maji, Mama Irine," Bibi Dorkas alisema. "Usililie hapo, chumvi inaua mche."

La mwisho lilipotiwa udongo Clemence alijifuta mikono kwenye suruali, akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mwenyekiti, kwa kuwa uko hapa hapa na kopo la kakao liko pale—"

Watu wote walimtazama Tumainieli. Kalamu ilikuwa mfukoni mwa shati lake, inaonekana.

"Jumatatu," alisema.

"Ni sahihi moja tu."

"Saa tatu, Clemence. Ofisini."

Alijisikia kama amempiga mtu kofi. Alingojea dunia iseme kitu. Clemence aliitazama karatasi, akaikunja tena mara nne, kwa mikunjo ile ile.

"Haya, umeanza na mimi," alisema. "Si mbaya. Mtu aanze na jirani." Akaondoka akishuka njia ile, akiwaambia wanawake kwamba makande ya Bibi Dorkas yakiisha kabla hajafika atafungua kesi, siku yoyote itakayokuwa na ofisi.

Wote walishuka kula, kwa kuwa ndio utaratibu. Blandina alitangulia na maziwa. Tumainieli alibaki nyuma akiosha majembe. Aliyaosha vizuri kuliko yalivyohitaji, mpaka hakukuwa na tope la kuosha tena. Kisha akaijaza maji ile ndoo yenye ufa, akashuka nayo.

Mlango wa Bibi Dorkas ulikuwa umerudishwa kwa ajili ya baridi. Ndani walikuwa wengi. Alisikia sahani, alisikia Zaituni ameirudia ile habari ya nyumba ndogo, alisikia Blandina anacheka kwa mara ya kwanza tangu wiki ile. Hakusukuma mlango. Alisimama kizingitini, ndoo mkononi, maji yakimdondokea mguuni.

"Hodi," alisema.

Sauti ndani zikakatika, zote kwa pamoja, kama redio.

Alisimama. Hakuita mara ya pili. Kijiko kiligonga sahani mara moja, kikanyamaza, na maji yalikuwa yanaendelea kudondoka, na yeye akajua kwamba Bibi Dorkas yumo, na amemsikia, na kwamba kusubiri kule kunaweza kuwa kwa muda wowote ule mwenye nyumba atakaotaka. Hakuuona muda huo kuwa mrefu kuliko haki ya mwenye nyumba.

Kisha sauti ya Bibi Dorkas ikatoka, ya taratibu, karibu kabisa na mlango.

"Karibu, Tumai. Ingia tule."